Tezi na Omo: Kwa Nini Bodaboda Iliyosheheni Huinua Gurudumu la Mbele

Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kukuta, baina ya makala ya uhakiki wa riwaya na yale ya fonolojia, makala yanayojishughulisha na pikipiki. Mshangao huo tunaukubali. Hata hivyo, sisi tunaojifunza Kiswahili vyuoni tumezoea kudai kwamba lugha hii ina uwezo wa kueleza taaluma yoyote ile, kisha tunarudi kwenye mashairi yetu bila kuutia uwezo huo majaribuni. Makala haya yanadhamiria kueleza jambo moja tu la kifizikia, ambalo kila msafiri wa nyanda za juu za Kenya amewahi kuliona au kulipata: bodaboda iliyobeba abiria na mzigo inapopanda mlima, gurudumu la mbele huacha ardhi na chombo kikataka kusimama wima.

Kuna sababu nyingine ya kuandika, nayo ni ya kibinafsi. Mwezi wa Desemba, miaka michache iliyopita, shangazi yangu alinunua mfuko wa saruji mjini Wundanyi ili akarabati tangi lake la maji. Nyumbani kwake ni juu zaidi, katika njia za upande wa mlima Vuria, ambao ndio kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita. Mfuko ulifungwa kwenye keria, shangazi akapanda kati ya mfuko na mwendeshaji, nami nikafuata kwa pikipiki ya pili. Katika kona ya tatu, mahali ambapo njia huinama kama paa la nyumba, mwendeshaji alisimama kumpisha mtu aliyekuwa akiteremsha ng'ombe. Alipoanza tena, nililiona gurudumu la mbele likipanda polepole, kisha upesi, hadi taa ikaelekea mawinguni. Shangazi alianguka kinyumenyume juu ya saruji yake, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto.

Jioni hiyo palifanyika kikao. Waliokuwapo walikitamka kisa kimoja kwa sentensi tatu tofauti, na mwanafunzi wa sarufi asingeweza kuyafumbia masikio mambo hayo. Wapo waliosema shangazi *alianguka*. Wengine walisema *aliangushwa na pikipiki*, kwamba mashine hiyo ina kichwa chepesi na imewahi kumtenda mtu mwingine vivyo hivyo. Wengi wao, tena kwa hasira, walisema kijana *alimwangusha*. Baina ya kauli hizo ndipo lilipokuwa suala la nani angelipa gharama ya hospitali, na iwapo kijana yule angeruhusiwa kurudi kwenye steji yake. Mwenyewe aliapa kwamba hakufanya lolote asilolifanya kila siku. Tutakavyoona, alikuwa akisema kweli, na bado alikuwa na sehemu yake ya lawama. Mimi pia nilikuwa nayo, na sikuitaja kikaoni.

Mkokoteni na jahazi

Tuanze na mkokoteni, kwa kuwa ni pikipiki iliyorahisishwa. Ekseli yake ni moja, na mwenye mkokoteni huishika mikono yake mbele. Magunia yakipangwa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, mikono hulalia viganja kwa uzani unaovumilika. Yakirundikwa nyuma ya ekseli, mikono huinuka, na tumewashuhudia watu wazima wakining'inizwa hewani na mkokoteni uliopakiwa vibaya huku wapita njia wakicheka. Hiyo ndiyo kanuni ya wenzo: mzigo hauhesabiwi kwa uzani wake pekee, bali kwa uzani huo mara umbali wake kutoka kwenye egemeo. Kilo 50 zilizo sentimita 30 nyuma ya ekseli zina nguvu ya kuinua mbele sawa na kilo 150 zilizo sentimita 10 nyuma yake.

Mabaharia wa pwani walilijua jambo hili kabla ya wenye pikipiki. Kiswahili kina neno *omo* kwa sehemu ya mbele ya chombo, *tezi* kwa sehemu ya nyuma, na *ngama* kwa tumbo la chombo ambamo maji hukusanyika. Sote tunaikariri methali isemayo kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini ni wachache wetu tunaokumbuka kwamba maneno hayo yalikuwa ya kazi kabla ya kuwa ya mtihani. Shehena ikijaa upande wa tezi, omo huinuka, na jahazi haligeuki vizuri. Shehena nzito ikikaa chini, karibu na ngama, chombo hutulia. Pikipiki nayo ina tezi na omo yake. Tofauti ni kwamba haina bahari ya kuishikilia kila upande. Ina magurudumu mawili tu, na la nyuma ndilo egemeo.

Hesabu ya shangazi

Ili tusibaki na mifano, tuchukue vipimo. Si vipimo vya pikipiki yoyote mahususi, bali makadirio yanayofanana na pikipiki ndogo zinazotumika kwenye biashara hii. Tuchukulie pikipiki ya kilo 120, yenye umbali wa sentimita 130 kati ya ekseli mbili. Kitovu cha uzani wake kiko sentimita 65 mbele ya ekseli ya nyuma, na sentimita 50 kutoka ardhini. Mwendeshaji ana kilo 70, yuko sentimita 45 mbele ya ekseli ya nyuma, na kitovu cha uzani wake kiko sentimita 95 juu ya ardhi.

Mwendeshaji akiwa peke yake, jumla ni kilo 190, na gurudumu la mbele hubeba takriban kilo 84, yaani asilimia 44. Sasa ongeza abiria wa kilo 70 aliye sentimita 15 tu mbele ya ekseli ya nyuma, na kitovu chake sentimita 100 juu. Ongeza pia mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye keria, sentimita 30 nyuma ya ekseli hiyo, na sentimita 95 juu. Jumla imekuwa kilo 310. Je, gurudumu la mbele limeongezewa mzigo gani? Halikuongezewa kitu. Limepunguziwa, likabaki na takriban kilo 81, ambazo sasa ni asilimia 26 tu ya uzani wote. Kilo 120 zilizoongezwa zimelaliwa zote na gurudumu la nyuma, pamoja na kilo 3 lilizonyang'anya gurudumu la mbele. Anayeitazama pikipiki hiyo huiona nzito na imara. Usukani wake, kinyume na hayo, unashikilia gurudumu lililo jepesi kuliko awali.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Pikipiki iliyosimama kwenye uwanja tambarare na kilo 81 mbele haitainuka yenyewe. Kinachoinua ni mwendo, na hapa sharti tufafanue jambo ambalo hata waliosoma fizikia shuleni hulisahau. Gurudumu la nyuma husukuma ardhi kwenda nyuma, na ardhi nayo husukuma pikipiki kwenda mbele. Msukumo huo hupitia pale tairi linapogusa ardhi, chini kabisa, ilhali sehemu kubwa ya uzani imekaa juu. Abiria aliyesimama ndani ya matatu hulijua hili kwa mwili wake: gari likiondoka kwa ghafla, miguu huenda na gari, kichwa hubaki. Kadiri uzani unavyokaa juu zaidi, ndivyo unavyobaki nyuma kwa nguvu zaidi, na ndivyo omo inavyoinuliwa.

Katika mfano wetu, mwendeshaji akiwa peke yake, kitovu cha uzani wote kiko sentimita 67 juu ya ardhi. Abiria na saruji hukipandisha hadi sentimita 79 na kukirudisha nyuma kutoka sentimita 58 hadi sentimita 34 mbele ya ekseli. Tukizidisha uzani kwa umbali huo wa mbele, kisha tukagawa kwa kimo, tunapata msukumo unaohitajika ili gurudumu la mbele liache ardhi. Mwendeshaji akiwa peke yake, msukumo huo ni wa takriban kilo 164, yaani nguvu inayotosha kushikilia kilo 164 zisianguke. Akiwa na abiria na saruji, ni kilo 133. Tunamwomba msomaji airudie sentensi hiyo. Pikipiki iliyo nzito zaidi kwa kilo 120 huinuliwa na nguvu *ndogo zaidi*. Ndiyo maana kijana alishangaa: mkono wake ulifanya kilekile ulichofanya kila siku, na mashine ikajibu vingine.

Mlima, klachi na mkono wa mafuta

Mlima huzidisha shida kwa njia ya kimyakimya. Katika mwinuko wa mita moja kwa kila mita 5, pikipiki yetu ya kilo 310 huhitaji msukumo wa takriban kilo 61 ili tu isirudi nyuma. Kizingiti cha kuinuka ni takriban kilo 131 katika mwinuko huo, kwa hiyo zimebaki kilo 70 pekee za kutumia katika kuondoka, kuruka jiwe, au kukwepa shimo. Karibu nusu ya akiba imekwisha kutumika kabla mwendeshaji hajaamua lolote.

Injini ndogo za bodaboda, kwa kawaida, hazina nguvu ya kuinua gurudumu la mbele katika barabara tambarare kwa kuongezewa mafuta tu. Hatari imo katika klachi. Mwendeshaji anayeondoka mlimani na mzigo huogopa injini isimzimikie, basi huivumisha kwanza. Sehemu zinazozunguka ndani ya injini huwa zimeweka nishati, na akiiachia klachi kwa ghafla, nishati hiyo yote hukimbilia gurudumu la nyuma kwa mkupuo mmoja. Gia ya kwanza, ambayo huzidisha nguvu ya injini kuliko gia nyingine zote, humalizia kazi. Kwa sababu hiyo ajali nyingi za aina hii tulizozisikia hutokea pale pikipiki inapoondoka baada ya kusimama, wala si katikati ya mwendo. Ng'ombe wa kona ya tatu hakuwa na hatia, lakini bila yeye pasingekuwa na haja ya klachi.

Gurudumu likishaanza kuinuka, mambo matatu hulichochea. La kwanza ni la kijiometri: kadiri omo inavyopanda, kitovu cha uzani hurudi nyuma na kupanda juu, hivyo nguvu inayohitajika kuendelea kuinua hupungua. Polepole, kisha upesi, kama nilivyoona. La pili ni springi za nyuma, ambazo mafundi huziita shoki. Zikiwa zimechoka au zimelegezwa, tezi hudidimia na kuielekeza omo juu hata kabla ya safari. Usiku dalili yake huonekana wazi, kwani taa humulika matawi ya miti badala ya njia. La tatu ndilo la kutisha zaidi. Mwili wa mwendeshaji unapovutwa nyuma, naye abiria akamkumbatia kwa hofu na kumvuta zaidi, mkono wake wa kulia huning'inia kwenye kishikio cha mafuta. Kishikio hicho huongeza mafuta kinapozungushwa kuelekea kwake. Kwa hiyo anavyozidi kurudi nyuma ndivyo injini inavyozidi kuvuta, na hakuna aliyekusudia.

Hapa ndipo tunapoweza kumjibu yule anayeuliza kwa nini hakushika breki. Breki ya mbele hushika gurudumu ambalo haligusi kitu; ni sawa na kumshika mkono mtu aliyekwisha kuondoka. Breki ya nyuma, ile ya mguu, ndiyo hurudisha omo chini, sambamba na kuvuta klachi na kufunga mafuta. Lakini mlimani klachi ikivutwa bila breki ya nyuma, pikipiki hubiringika kinyumenyume na mzigo wake. Vitendo vyote vitatu vinatakiwa kwa pamoja, katika muda usiozidi kupepesa jicho, na mtu ambaye anavutwa mabega.

Tuongeze, kwa kupita tu, kwamba madhara hayangoji gurudumu liondoke ardhini. Gurudumu jepesi huteleza katika changarawe ya kona, na usukani hupoteza utiifu wake. Wengi waliojikuta mtaroni hawakuona omo ikiinuka hata kidogo.

Ulipokaa mfuko

Sasa nirudi kwenye lile nisilolisema kikaoni. Kijana aliuweka mfuko wa saruji mwanzoni juu ya kiti chenyewe, umeegemea mgongo wake. Mimi ndimi niliyemwambia ausogeze nyuma, kwenye keria, ili shangazi apate mahali pa kukaa. Nikashika ncha ya mpira wakati akiufunga. Nilidhani ninafanya adabu.

Tuihesabu njia ambayo sikumwachia. Tuseme shangazi angetembea, na mfuko ungelazwa pale alipokaa yeye, sentimita 15 mbele ya ekseli na sentimita 85 juu ya ardhi. Jumla ingekuwa kilo 240. Gurudumu la mbele lingebeba kilo 90, na msukumo wa kuliinua ungehitaji kufika kilo 166. Katika mwinuko uleule, baada ya kutoa kilo 47 za kuzuia pikipiki isirudi, zingebaki takriban kilo 116, si 70. Na kama tungelipa safari mbili, ya saruji kwanza kisha ya shangazi, nauli ingeongezeka kwa bei ya chupa ya soda na mkate.

Sheria ya Kenya humruhusu mwendesha pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Wenzetu wa Tanzania wana neno zuri la kejeli kwa wanaozidi hapo: *mishikaki*, watu waliotungwa kama nyama kwenye kijiti. Kwa mizani ya sheria hiyo, safari ya shangazi haikuwa na kosa. Abiria alikuwa mmoja. Lakini fizikia haihesabu vichwa. Watoto wawili wepesi waliosogea mbele huweza kuihatarisha omo kidogo kuliko mfuko mmoja ulio mkiani, ingawa hatusemi hivyo ili kuwatetea wenye mishikaki, maana mtu wa tatu humnyima mwendeshaji nafasi ya kuinama mbele, na kuinama mbele ndiyo dawa ya kwanza mlimani.

Mitungi ya maji hutufunza jambo lingine. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na wabebaji wengi huining'iniza minne pande mbili za pikipiki. Kilo 80 ni nyingi kuliko saruji, lakini zimekaa chini na karibu na ekseli, mfano wa mzegazega begani. Hazipandishi sana kitovu cha uzani, wala hazivuti tezi. Tumezishuhudia pikipiki hizo zikipanda njia ileile ya Vuria kwa utulivu. Mitungi hiyohiyo ikipangwa juu ya keria, mmoja juu ya mwingine, hadithi hubadilika.

Maneno ya steji

Baada ya sikukuu nilikwenda kwenye steji ya kijana yule na karatasi yenye hesabu hizi. Nilikuwa nimejiandaa na istilahi: *kani*, *mchapuko*, *wenzo*, *egemeo*, *kitovu cha uzani*. Istilahi za fizikia hazikosekani katika Kiswahili. TUKI ilichapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mnamo 1990. Tatizo ni kwamba nchini Kenya somo la fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, na kijitabu kilichouzwa pamoja na pikipiki ya kijana huyo kilikuwa cha Kiingereza pia. Kilieleza uzani wa juu unaoruhusiwa. Kilikuwa bado ndani ya karatasi yake ya nailoni.

*Kani* haikwenda popote. Waliielewa kama jina la mtu. *Mchapuko* mmoja wao aliuhusisha na kuchapwa. *Wenzo* ulikubaliwa nilipoutaja mkokoteni. Nilipowaambia habari za tezi na omo, walicheka, kwani Taita ni mlimani, lakini waliyapenda maneno yenyewe na wakaanza kuitana kwayo kwa utani. Wao wenyewe walikuwa na msemo uliokwisha kukamilika: pikipiki *imesimama*, na sababu yake ni kwamba mzigo *umekaa mkiani*. Katika maneno hayo mawili mna karibu nusu ya hesabu yangu. Walichokosa ni ile nusu ya pili, kwamba kimo cha mzigo ni hatari sawa na umbali wake, na kwamba klachi ndiyo mchokozi. Nadhani sisi wa vyuoni tunakosea tunapodhani kazi yetu ni kuwapelekea istilahi watu wasio na neno. Mara nyingi neno wanalo, na linachohitaji ni kuongezewa maana moja.

Niliwaambia pia nani aliyesogeza mfuko. Kijana alinitazama kwa muda, akasema kwamba hata hivyo kamba ilikuwa mkononi mwake, naye ndiye aliyepaswa kukataa. Tuligawana gharama ya hospitali sehemu tatu, ya tatu ikiwa ya shangazi mwenyewe, ambaye alisisitiza kuwa safari moja yalikuwa matakwa yake.

Mkono wake ulipona, ingawa hauinui sufuria kubwa. Bado hupanda bodaboda, tena aghalabu ya kijana yuleyule. Wakifika chini ya kona ya tatu, yeye hushuka, mzigo husogezwa mbele hadi kwenye kiti, na kijana hupanda polepole akiwa ameinama juu ya tangi la mafuta. Shangazi humfuata kwa miguu, mkongojo mkononi, akimwuliza kwa sauti kama omo imetulia.